YAH: KICHEZA MUZIKI CHENU NA NYIMBO MLIZONIFUTIA

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Salaam. Naandika kwa heshima, ingawa leo heshima hiyo naitafuta kwa shida.

Nilichowapigia simu kilikuwa kidogo. Tangu sasisho lenu la programu, faili zangu za FLAC (muziki uliohifadhiwa bila kupunguzwa ubora) za biti 24 na kilohezi 192 zinatoka kwa kilohezi 48. Kioo cha amplifaya kinaandika hivyo, kwa hiyo msiniambie ni masikio yangu. Kutoka 192 kwenda 48 ni kutupa robo tatu ya sampuli, yaani vipimo vya sauti vya kila sekunde, na kwenye boksi mmechapa 192 kwa tarakimu kubwa.

Kijana wenu akaniambia nishikilie kitufe kilicho nyuma ya kicheza kwa sekunde kumi, ili mashine irudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Nikamuuliza, "Nyimbo zilizo kwenye diski ya ndani hazitafutika?" Akasema, "Hazifutiki, bonyeza tu." Nikabonyeza. Kilipowaka tena kikaandika: Nyimbo 0.

Zilikuwa 4,318.

Sera yenu ya kumtahadharisha mteja kabla ya hatua kama hiyo mnaijua wenyewe. Na mwezi mmoja kabla ya hapo niliwaandikia kuhusu pengo la kimya linaloingia kati ya wimbo na wimbo, hata kwenye rekodi za tamasha ambapo makofi hayatakiwi kukatika. Sijajibiwa mpaka leo.

Mtauliza nakala iko wapi. Za albamu nilizonunua ninazo. Lakini ndani ya kicheza kulikuwa na rekodi kutoka kanda ya kaseti ya marehemu baba yangu akipiga gitaa sebuleni. Niliihamisha mwenyewe kwa biti 24, kilohezi 96, usiku kucha, na mkanda ukakatika nilipokuwa nikiurudisha mwanzo. Ilibaki faili moja tu duniani, na ilikuwa ndani ya mashine yenu. Kosa la kutoinakili ni langu, nalikubali. La kunidanganya ni lenu.

Narudia, maana nataka mlione. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kabati, simu nimeibana begani, kidole juu ya kitufe. Sikubonyeza papo hapo. Nilimuuliza kwanza, tena mara mbili, na mara zote mbili akasema hazifutiki. Nilipomwambia kioo kinasoma sifuri, alinyamaza, kisha akasema, "Si utazipata tu mtandaoni?" Gitaa la baba yangu nitalipata mtandao gani? Nikiwa bado nahangaika kupata la kusema, akakata simu.

Mwanzoni nilitaka mrudishe programu ya zamani, basi. Sasa hilo halitoshi. Nataka fedha yangu yote. Nataka diski ipelekwe kwa fundi wa kuokoa data kwa gharama yenu, fundi nitakayemchagua mimi. Kicheza nimekichomoa kwenye umeme na hakitawashwa, kwa sababu chochote kitakachoandikwa kwenye diski hiyo kinaweza kufunika kilichobaki. Nataka pia barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe, Meneja, si ya kijana yule.

Nawapa siku 14. Zikipita, nakwenda kwa mamlaka ya kuwalinda walaji, na fundi akisema ile faili haipatikani tena, nakwenda mahakamani.

Simu zenu mnazirekodi, mnatuambia hivyo kila tunapopiga. Hiyo ya kwangu msiifute.

Mteja wenu