Wanaouguza ni sisi, semina wanaenda wengine

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa utingo na sijawahi kuwaandikia ata siku moja. Lakini ile taarifa yenu ya Oktoba, ya siku ya huduma shufaa duniani, ile ya kumtuliza maumivu mgonjwa mahututi, imenikaa kooni mpaka leo. Mnaikumbuka, ile yenye picha ya watu wamevaa fulana nyeupe wanakata keki ukumbini. Mkaandika wauguzi wamepewa mafunzo ya kumhudumia mgonjwa aliyefika mwisho, mkaandika na hesabu za Shirika la Afya Duniani kwamba watu karibu milioni 57 wanahitaji huduma hiyo kila mwaka na wanaoipata ni kama 14 tu kwa kila 100. Sawa. Ila sijaona mahali mmeuliza hao 86 wanaobaki wanauguzwa na nani. Mi nawaambia, wanauguzwa na mimi.

Mke wangu alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, imekuja kugundulika imeshasambaa. Tukahangaika weee mpaka siku moja asubuhi kwenye hospitali moja kubwa, sitaitaja, daktari kijana mpole tu akaniambia mzee hapa sisi tumefika mwisho, kampumzishe nyumbani, mpe anachopenda kula. Nesi akanipa faili na chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kwa juu imeandikwa kwa kalamu mls 5 akiumwa. Basi. Haikufika dakika kumi tuko getini tunatafuta bajaji. Mhariri, mimi nilikaa utingo miaka minne ndio nikaruhusiwa kushika usukani, na bado trafiki alinifelisha mara ya kwanza. Lori la mtu hupewi bila leseni, lakini binadamu anayekufa nimekabidhiwa na kalamu ya bluu.

Hiyo "akiumwa" ndio ilitutesa. Mi nikawa nasubiri aumwe. Na yeye alikuwa mwanamke wa kuvumilia, anang'ata khanga, hasemi, mpaka nione jasho ndio nampa, na mpaka dawa ifanye kazi inapita saa nzima analia kimya kimya. Kumbe mofini ile inaenda kwa saa, kila masaa manne, aumwe asiumwe, na ya usiku wakati wa kulala anapewa mara mbili ya kipimo ili alale mpaka asubuhi! Ni kama maji ya rejeta, hungoji injini ichemke ndio ukaongeze. Alafu hakuna aliyenambia mofini inafunga choo. Siku nane hajaenda, tumbo limekuwa kama ngoma, mashemeji wanasema karogwa, jirani mwingine ananong'ona kwamba mzee anampa mkewe unga wa kulevya, mpaka nesi mmoja mstaafu wa mtaani kwetu akapita kutoa pole akauliza swali moja tu, anapewa dawa ya kulainisha choo? Dawa gani? Inauzwa duka la dawa pale barabarani, na inatakiwa ianze pamoja na mofini siku hiyohiyo. Huyohuyo mama ndio akanionyesha kumgeuza. Unatandika khanga iliyokunjwa mara mbili chini yake, toka mabegani mpaka chini ya makalio, unaivuta kuja kwako taratibu na yeye anageuka nayo, hasuguliki, unaweka mto katikati ya magoti, baada ya masaa mawili unamrudisha upande wa pili. Nilijifunza kwa dakika tano. Lakini kwa kuchelewa, maana pale mgongoni chini kidonda kilishafunguka, kinaingia kidole, na mi wiki tatu nzima nilikuwa namvuta kwa makwapa kama gunia la mahindi nikidhani namsaidia.

Msiniambie sisi ni nchi maskini. Miaka ya nyuma nilikuwa napeleka mzigo Uganda, na dereva mwenzangu wa Mbarara mama yake alikuwa na ugonjwa huohuo. Nesi anakuja na gari mpaka kwenye migomba, anakaa kwenye mkeka, anamfundisha binti wa nyumba kupima dawa, anamwambia rudia, anarudia. Waganda wana hilo shirika la Hospice Africa Uganda toka 1993, la yule daktari mzungu Anne Merriman, alianza kwa mofini ya unga inayochanganywa na maji, bei chee. Na toka 2004 kwao nesi aliyesomea kazi hiyo anaruhusiwa kuandika mofini mwenyewe, hamsubiri daktari. Ata hapa kwetu sio kwamba hawajui, hospitali ya Selian kule Arusha wanawafuata wagonjwa majumbani miaka na miaka. Sasa sisi wa Morogoro tumekosa nini?

Usiku wa mwisho ndio sitausahau. Alishaacha kula siku tatu, dada yake hataki kusikia, anasema mnamuua na njaa, akamwinua akamlazimisha uji vijiko viwili, ukampalia. Baadaye kama saa nane ukaanza ule mkoromo, pumzi inaenda inasimama, unahesabu mpaka ishirini, inarudi kwa nguvu. Watoto wanapiga kelele. Nikachanganyikiwa. Alishanambia wazi wazi baba nanihii, mi nifie kitandani kwangu dirisha likiwa wazi, na nilimwahidi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba pumzi ile ndio kuondoka kwenyewe, kwamba hapo hakuna cha kukimbiza, unamlaza ubavu, unalowesha midomo kwa pamba, unamshika mkono unaongea nae maana wanasema masikio yanachelewa kufa. Mi nikamfunga shuka nikampakia kwenye bajaji. Toka Kihonda, matuta yote yale, kichwa chake mapajani kwangu, na pale Msamvu kabla hatujakunja kwenda mjini nikaona pumzi haihesabiki tena. Dereva akauliza, mzee niendelee? Mke wangu amefia kwenye bajaji, pembeni kuna vijana wanauza mayai ya kuchemsha, kwa sababu mimi sikujua kitu ambacho nesi angekisema kwa dakika mbili getini.

Na wakati tuko hapo niseme na hili. Alipokuwa anaumwa tulifungua grupu la ndugu, nikaandika pampasi zimeisha, kwa wiki mbili nikakusanya elfu thelathini na tano na emoji za mikono. Alipofariki, kabla jua halijazama, milioni mbili na laki nane! Maturubai, spika, sare za vitenge na kofia zake, mpiga video. Video ya nini? Nani anaiangalia? Marehemu alilazwa kwenye jeneza la vioo na huku godoro lake la sponji nililoliomba kwa miezi miwili lingekuwa bei ya zile kofia. Mlioko kwenye lile grupu mnajijua.

Haya, ushauri wangu, maana najua mhariri mtasema mzee analalamika tu. Asitoke mgonjwa hospitali mpaka anayeenda kumuuguza afanyiwe mtihani kama wa trafiki. Nesi alale kitandani ajifanye mgonjwa, ndugu amgeuze kwa khanga, apime mls 5 kwenye bomba la sindano bila kumwaga, aseme masaa, aseme dawa ya choo, aseme atafanya nini pumzi ikianza kukatika. Akifeli arudi kesho. Akifaulu apewe kadi, nyuma ya kadi iwe na namba ya simu inayopokelewa saa nane usiku na mtu aliye macho. Wanaume nao waitwe, sio kila siku nyie wa hospitali mnatafuta mwanamke yuko wapi, mi nilikuwepo pale nimesimama mkaniuliza hakuna mama wa kumwelekeza? Pesa zikikosekana punguzeni keki.

La mwisho, kabatini kwangu ile mofini imebaki kama nusu chupa. Nilijaribu kuirudisha nilikoichukua, dirisha la kwanza wakasema sio hapa, la pili wakasema hawapokei dawa iliyotoka, la tatu limefungwa. Kuimwaga naogopa na nyumbani kuna wajukuu. Naomba mmoja wa wale wenye fulana nyeupe aje aichukue, nipo kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Dereva mstaafu,
Kihonda, Morogoro