Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: risasi imo kwenye mchuzi

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Juzi shemeji kaniletea kanga wawili wa porini, kibali anacho na kapiga kwa shotgani yake, mama watoto kawaunga nazi na ndimu ya kutosha, mi niko nashughulika na paja mara kaa! jino limegonga kitu kigumu, natema mkononi ni marisau, kapunje keusi kama mbegu ya papai. Tukacheka. Mwanangu wa miaka minne akakaomba akachezee, ndo kicheko kikaisha, maana kapunje hako ni madini ya risasi kabisa, na WHO wanasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na kwa mtoto inakula ubongo.

Na marisau afadhali, unayatema. Ya nyati na pofu ndo mbaya zaidi, ile risasi ya raifo ikiingia inapasuka vipande vingine vidogo kama vumbi, vinatawanyika hata sentimita 30 kutoka kwenye tundu, eksirei inaviona ila jicho halivioni wala ulimi hausikii, afu siye tunakamulia ndimu na siki ambazo ndo zinaiyeyusha vizuri. Mabucha ya nyamapori mi nayaunga mkono na ni mteja, ila siku moja nikamuuliza muuzaji huyu mnyama kapigwa wapi, akasema begani, na kilo yangu mkononi ilikuwa ya bega, pembeni ina damu imevilia.

Huko porini utumbo unaachwa, tumbusi wanashuka. Asidi ya tumbo lao inasaga mpaka mfupa, risasi itaachwaje? Botswana walipima tumbusi zaidi ya 500, majibu yakatoka 2018, karibu theluthi wana risasi nyingi kwenye damu na inapanda msimu wa uwindaji. Ndege mwenyewe anataga yai moja tu.

Risasi za shaba zipo Mheshimiwa. Denmark marisau ya risasi waliyapiga marufuku 1996, za raifo 2024, California wamezikataza za madini hayo kwenye uwindaji wote tangu 2019, na bado wanawinda kwa za shaba. Bei iko juu najua, shemeji ataninunia, kwahiyo anza na makampuni ya uwindaji wa kitalii, mgeni anayelipa maelfu ya dola kwa simba mmoja hashindwi boksi la shaba bana. Afu nyama ya bucha. Wengine kwa sasa waagizwe wakate futi nzima kuzunguka tundu wafukie pamoja na utumbo, wasiwape hata mbwa.

La mwisho, pa kupima mi sijapaona. Nilimpeleka mtoto hospitali nikasema nataka apimwe risasi, nesi kashtuka, kaniuliza kapigwa wapi na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, iko wapi.

Ni mimi mla nyamapori, Morogoro.