Tumewafungulia mlango, nao watufungulie

Mhariri,

Mimi ni mwongoza watalii pale ufuo wa Dunga, Kisumu, na kila nikisikia mazungumzo ya kuwaondolea wageni wa ng'ambo viza huwa nafurahi. Mgeni akiingia nchini bila usumbufu, mwenye mashua anapata kazi, mama wa samaki anauza ngege, nami napata karo ya watoto. Kwa hiyo Rais Ruto alipotangaza kwenye sherehe za Jamhuri 2023 kwamba viza inafutwa kuanzia Januari 2024, nilishangilia, hata kama nafasi yake ilichukuliwa na kibali cha mtandaoni cha dola 30.

Lakini na sisi je?

Mwaka jana mtafiti wa ndege kutoka Ulaya, mama ambaye nimemtembeza mara tatu kwenye mafunjo ya Dunga, alinialika nikawaeleze wenzake jinsi tunavyohesabu ndege alfajiri kabla upepo wa ziwa haujaamka. Yeye huomba kibali cha kuja kwetu akiwa ameketi nyumbani kwake. Mimi nilipanda basi la usiku hadi Nairobi kuchukuliwa alama za vidole, nimekumbatia bahasha yenye mwaliko, taarifa za benki, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nililipa yuro 90, ambazo ukinyimwa hazirudi. Baada ya wiki tatu nikarudishiwa pasipoti pamoja na fomu ya sababu zilizochapwa tayari, kisanduku kimoja kimetiwa alama: wana shaka kama nitaondoka kwao kabla ya viza kuisha. Nina mke, watoto watatu na nusu ya mashua. Nikimbie niende wapi?

Wanaosema hatuna la kufanya wakumbuke Afrika Kusini. Miaka mingi tulilalamikia viza yao. Novemba 2022 Rais Ramaphosa wa huko akaja Nairobi, akazungumza na Rais Ruto, na tangu Januari 2023 Mkenya anaingia kwao bila viza kwa siku 90 kwa mwaka. Walikubaliana hata namna ya kuwarudisha kwao watakaovunja masharti. Maana yake ni kwamba hofu ya wenyeji nayo inazungumzika, mradi pande zote mbili zikae mezani.

Kosa letu, kwa maoni yangu, ni kutoa kwanza na kuomba baadaye. Muuza omena wa soko la Kibuye hashushi bei kabla mnunuzi hajataja yake. Sisi tulishusha bei kwa dunia nzima siku moja, bila kuuliza Mkenya atapata nini.

Sidai Ulaya ifute viza kesho. Wanadiplomasia wetu waanze na haya: anayenyimwa arudishiwe walau sehemu ya pesa zake; aliyewahi kusafiri akarudi apewe viza ya miaka kadhaa; na alama za vidole zichukuliwe Kisumu pia, maana mtu wa Busia anavuka kwenda Uganda kwa kitambulisho tu lakini lazima afike Nairobi ili akaambiwe hapana.

Nimealikwa tena Septemba. Kabla sijalipa zile yuro, ningependa wahusika wajibu kupitia gazeti lako kama jambo hili limo katika mazungumzo yao.

Mwongoza watalii,
Dunga, Kisumu