Mpwa wangu, mama yako yumo kwenye uchumi tangu alfajiri

Mpwa wangu,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Jambiani, pwani ya Unguja, hatujambo. Mama yako naye hajambo, ila magoti yanamsumbua kila bamvua likifika, zile siku bahari inapojaa na kukupwa sana. Nakuandikia hadharani si kwa kukuvunjia heshima, wewe ni damu yangu. Ni kwa sababu ulichoandika kwenye kundi la familia nakisikia pia redioni na kwenye makongamano, na waliokuwekea dole gumba walikuwa wengi. Uliandika kwamba Pato la Taifa linakua vizuri, na kilichobaki sasa ni kuwaingiza wanawake wa vijijini kwenye uchumi.

Waingizwe kutoka wapi, baba?

Nakubali wewe ndiye msomi wa uchumi, na sasa umepata kazi ya mipango, Mungu akubariki. Mimi nimestaafu nikifundisha hesabu za kidato cha pili. Lakini jambo hili ni la hesabu kabla halijawa la uchumi: umejumlisha nini, umeacha nini, na nani alikwambia uache.

Kipimo chenyewe, yaani Pato la Taifa au pato la ndani ya nchi, hakina siri. Ni thamani ya bidhaa na huduma za mwisho zilizozalishwa ndani ya nchi katika kipindi fulani. Mama yako akiuza mwani, mtakwimu anachukua bei aliyouzia, anatoa gharama ya kamba na taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, na kinachobaki ndiyo thamani iliyoongezwa. Anafanya hivyo kwa karafuu, hoteli, daladala, benki, hata mishahara ya walimu, kisha anajumlisha. Akitaka kujua kama kweli tumezalisha zaidi au ni bei tu zilizopanda, anairudia hesabu kwa bei za mwaka mmoja wa kizio, yaani mwaka uliochaguliwa kuwa wa kulinganishia. Ile asilimia ya ukuaji unayoipenda inatoka hapo.

Ni hesabu nzuri, wala siidharau. Ila ina mipaka yake, na mipaka hiyo imewekwa na watu waliokaa mezani. Hoteli ya hapa pwani inayomilikiwa na mgeni, faida yake yote imo katika pato la ndani, hata kama jioni ileile inapelekwa kwao. Inatolewa tu ukifika kwenye kipimo kingine, pato ghafi la taifa, yaani mapato ya wenyeji wenyewe, ambacho Benki ya Dunia hukitumia kuzipanga nchi kwa madaraja. Julai 2020 tulipoambiwa Tanzania imeingia kipato cha kati cha chini, kilichotazamwa ni hicho cha pili: dola 1,080 kwa kila mtu kwa mwaka 2019, juu kidogo ya mstari wa dola 1,036. Majirani zetu Kenya walivuka mstari huo Septemba 2014 bila hata kungoja mavuno. Walibadilisha mwaka wa kizio, wakaingiza shughuli ambazo hesabu ya zamani haikuziona sawasawa, na uchumi wao ukaonekana mkubwa kwa takriban robo nzima. Hakuna aliyeshiba zaidi Nairobi siku ile. Kilichobadilika ni kilichohesabiwa.

Sasa mchukue mtakwimu huyo, umpe daftari, amfuate mama yako nyuma siku moja ambayo maji yanakupwa asubuhi.

Kabla ya alfajiri anachukua kuni alizookota jana. Kuokota kuni kumo, maana kanuni za kimataifa za hesabu za taifa zinasema bidhaa ambayo kaya imejizalishia ihesabiwe hata isipouzwa. Kuteka maji kumo vilevile. Anawasha moto, anakoroga uji, na hapo daftari linafungwa. Kuwapikia watu wa nyumbani ni huduma, na huduma za nyumbani zisizolipwa haziingii. Anakwenda chumbani kwa bibi yako, ambaye tangu apate kiharusi hawezi kujigeuza kitandani. Anamwogesha, anambadilishia shuka, anamlisha kijiko kwa kijiko. Daftari bado limefungwa.

Anashuka pwani na kamba begani, na daftari linafunguliwa. Maji ya magotini, mgongo umeinama, anafunga vichipukizi vya mwani kimoja kimoja kwa taitai kwenye kamba iliyowambwa baina ya vijiti viwili. Akimaliza kamba hiyo anahamia nyingine, kwa saa tatu au nne, na yote hayo yamo. Bahari ikianza kujaa anabeba gunia la mwani mbichi kichwani, na wewe unajua mwani mbichi ulivyo mzito. Anauanika, nako kumo. Anaingia jikoni kupika wali wa mchana, daftari linafungwa tena. Jioni anasokota kamba ya usumba kwa makumbi ya nazi aliyoyafukia ufukweni miezi iliyopita, huku mjukuu kamlalia mapajani. Kamba imo. Mjukuu hayumo.

Utaniambia, kama nilivyosikia ukimwambia shemeji yangu sikukuu iliyopita, kwamba hayo hayahesabiwi kwa kuwa hakuna pesa iliyobadilishana mikono. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau ingefuatwa kwa wote. Hebu tazama nyumba aliyoiacha babu yako. Hakuna anayemlipa mtu kodi ya nyumba ile. Lakini mtakwimu huikadiria: nyumba kama hii ingepangishwa kwa kiasi gani? Kiasi hicho hukiingiza kwenye Pato la Taifa kana kwamba mama yako anajilipa mwenyewe, na dunia nzima hufanya hivyo. Basi kuta na paa vinatoa huduma isiyolipwa na inahesabiwa, ila anayepika, kufua na kuuguza ndani ya kuta hizohizo hatoi kitu. Hapo usiniambie habari ya pesa.

Na wewe mwenyewe una mfano nyumbani kwako Dar es Salaam. Dada wa kazi anayekulelea mtoto unamlipa mshahara, kwa hiyo kazi yake imo. Mwezi ule alipokwenda kwao msibani, mama yako alipanda boti akaja kushika nafasi yake. Mtoto yuleyule, uji uleule, chupa zilezile za maziwa. Kwa kanuni zenu, mwezi ule uchumi wa nchi ulipungua.

Haya si mawazo mapya ya mjomba aliyekosa la kufanya baada ya kustaafu. Mwanauchumi Simon Kuznets, aliyelipelekea Bunge la Marekani hesabu ya pato la taifa lao mwaka 1934, alitahadharisha katika ripoti hiyohiyo kwamba ustawi wa watu haupimiki kwa namba ile, na akaeleza wazi kuwa kazi za akina mama wa nyumbani amezitoa. Miaka ya 1940 mwanamke mmoja Mwingereza, Phyllis Deane, alitumwa kupima pato la makoloni, yakiwemo Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yaani Zambia na Malawi za leo. Alipofika vijijini akaona kwamba ukiacha kuokota kuni na kuandaa chakula, umeacha sehemu kubwa ya kazi ya kijiji. Akasema ziingizwe. Wanaume waliotunga mfumo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa mwaka 1953 hawakumfuata. Kuni na maji vilikuja kukubaliwa baadaye sana, kupika hakujakubaliwa mpaka leo. Kila nikilisoma hili najiuliza: kama wangekaa wiki mbili kijijini wakijipikia, mfumo ungetoka vilevile?

Nisiwe mkaidi, wana sababu zao. Wanasema ukitia kazi zote za nyumbani, namba itavimba kiasi kwamba hutaweza kuona bei zikipanda au biashara zikididimia, na karibu kila mtu mzima ataonekana ana ajira. Halafu bei utaipata wapi? Saa ya kumuuguza mama mkwe utaipigia kwa mshahara wa dada wa kazi au wa muuguzi wa hospitali? Nakubali, ni maswali magumu. Mwongozo mpya uliopitishwa na Umoja wa Mataifa Machi 2025 umeziacha kazi hizo nje ya pato lenyewe, ila unahimiza nchi zizipime katika hesabu za pembeni. Mimi hilo linanitosha. Sidai muibomoe namba yenu. Nadai tu kwamba kitu mlichokiacha nje kwa ugumu wa kukihesabu, msije mkasema hakipo.

Maana ukisema hakipo, utapanga vibaya. Mfano ni huu mwani wenyewe. Kilimo chake cha biashara kilianza hapa kwetu na kijiji jirani cha Paje mwaka 1989, na wakulima wake wengi mpaka leo ni wanawake. Kuna aina mbili: spinosamu, inayovumilia lakini bei yake ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri. Maji ya kina kifupi yalipozidi kupata joto, kotonii ikaanza kuugua na kufa. Dawa wanayoisema wataalamu ni kuisogeza kwenye maji ya kina kirefu, yaliyo baridi kidogo. Kule kunataka chombo, kunataka kujua kuogelea, na zaidi kunataka muda. Umeshaona siku ya mama yako ilivyo. Maji yanakupwa kwa saa zake, bibi anataka kugeuzwa kwa saa zake, na chungu nacho kina saa zake. Mafunzo ya kuogelea yakiitishwa saa nne asubuhi atayaendea kwa muda gani? Halafu mtaalamu anaandika kwenye ripoti kwamba tija ya wanawake ni ndogo na wanahitaji kuhamasishwa. Hamasa wanayo! Pato mnalolihesabu ni dogo kwa sababu ya saa msizozihesabu.

Au tazama hospitali. Mgonjwa akiruhusiwa mapema kwa sababu vitanda havitoshi, kwenye vitabu inaonekana gharama imepungua. Haikupungua, imehamia kwa mama yako, na huko haina kitabu. Mtu wa mipango asiyeliona hilo ataisifia akiba ambayo haipo.

Na usidhani ni habari za kuletewa kutoka nje. Mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing wa mwaka 1995, ulioitaka dunia ipime kazi zisizolipwa, Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, katika ibara ya 13 inazitaka serikali zitambue thamani ya kiuchumi ya kazi za wanawake majumbani. Sahihi tuliweka wenyewe. Takwimu nazo zipo: utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 na ule wa 2014 ziliwauliza Watanzania wanatumiaje saa zao, na Kenya walifanya wao mwaka 2021. Walichokikuta Kenya ni kwamba mwanamke anatumia zaidi ya saa nne kwa siku kwenye kazi za nyumbani na malezi bila malipo, na mwanamume kiasi cha saa moja. Shirika la Kazi Duniani mwaka 2018 lilikadiria saa bilioni 16.4 za kazi hizo kila siku katika nchi 64 zenye takwimu, robo tatu yake zikiwa za wanawake. Namba zote hizo ziko kwenye makabati ya ofisi kama zako. Nani anazifungua wakati wa bajeti ndilo swali.

Najua bajeti huipangi wewe, na kijana mgeni ofisini hawezi kuwafundisha wakubwa. Lakini uliniambia mnaandaa dodoso la kaya, na hapo una sauti. Basi sikiliza maombi ya mjomba wako. Usiruhusu dodoso lianze kwa kumuuliza mwanamke kama anafanya kazi, maana mama yako mwenyewe atakujibu hapana, kazi hana, analima mwani tu. Anza na saa aliyoamka, kisha uliza akafanya nini, halafu nini, mpaka alipolala. Weka safu ya pili kwa jambo alilokuwa akilifanya wakati uleule, maana anayesokota kamba huku anabembeleza mtoto mtamwandika kamba peke yake. Wadadisi waende bamvuani na waende maji mafu pia, siku ambazo bahari haikupwi sana, kwa kuwa siku mbili hizo kwa mwanamke wa pwani hazifanani hata kidogo. Na mwenye nyumba akitaka kumjibia mkewe, kama baba yako alivyozoea, mwombeni kwa adabu asubiri zamu yake. Naye ana saa 24 za kuzielezea.

Wasalaam,
Mjomba wako