Dawa ya viluwiluwi ipulizwe kiangazi

Ndugu Mhariri,

Huku kwetu Bonde la Kilombero, habari ya mbu husikika zaidi masika yakishakolea. Vyandarua vinahimizwa, nyasi zinafyekwa, na hilo ni jema. Ombi langu ni kuhusu dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu majini: ipulizwe kiangazi.

Mvua ikishika, mbu wa malaria aitwaye Anopheles gambiae na nduguye arabiensis huzaliana kwenye kila kidimbwi, iwe alama ya kwato, mkondo wa tairi la trekta au jaruba la mpunga. Kwa joto letu, yai huwa mbu ndani ya wiki moja hadi mbili. Nani atavimaliza vidimbwi hivyo, na mvua ya kesho inaleta vingine?

Lakini yupo Anopheles funestus, ambaye hatajwi sana mitaani. Huyu hutaka maji yanayodumu, yenye majani pembezoni: mabwawa, visima vya wazi, kingo za vijito vinavyokwenda taratibu. Huongezeka mvua zikielekea ukingoni, na huendelea kuuma hata ardhi ikikauka. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameonyesha kwamba ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria katika vijiji vya bonde hili, hata pale arabiensis wanapomzidi kwa wingi. Tena amejenga usugu dhidi ya viuatilifu vya pairethroidi vilivyozoeleka kwenye vyandarua. Ndiyo maana watoto wetu wanaugua hata miezi ambayo tunadhani mbu wamekwisha.

Sasa, kuanzia Julai hadi Oktoba maji ya kijiji yanahesabika. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuyataja yote bila kushika karatasi. Dawa ya kibiolojia ya viluwiluwi, itokanayo na bakteria, inatengenezwa hapa hapa nchini, Kibaha, na haidhuru samaki wala ng'ombe wanaokunywa maji hayo. Mwaka wa fedha wa serikali nao huanza Julai 1.

Kwa hiyo naziomba halmashauri za bonde hili ziweke fedha ya dawa hii katika robo ya kwanza ya mwaka huo wa fedha, na kamati za afya za vijiji zipewe kazi ya kuorodhesha mabwawa na visima mara mvua zinapokatika. Dawa irudiwe kwa ratiba ya wataalamu mpaka mvua zirudi, maana kupuliza mara moja hakutoshi.

Msomaji wako,
Ifakara, Morogoro