Upole wako si kasoro

Kwako rafiki yangu mpendwa,

Hongera sana kwa cheo kipya. Barua yako nimeisoma, na hilo la kuambiwa kwamba mtu mpole kama wewe hawezi kuongoza idara limeniudhi mno. Naomba nianze na hilo.

Ni kweli wachangamfu huonekana haraka. Mwaka 2002 mtafiti Timothy Judge na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuhusu haiba na uongozi, wakakuta uchangamfu ndiyo sifa inayoendana na uongozi kuliko nyingine. Ila uliendana zaidi na mtu kuonekana anafaa kuongoza kuliko kuiweza kazi yenyewe. Msemaji wa kikaoni hupewa cheo upesi. Kukimudu ni habari nyingine.

Haiba humvuta meneja upande fulani. Mwenye wasiwasi hataki kukabidhi kazi, mwenye huruma huchelewa kumwambia mtu ukweli. Lakini kazi alizopitia humwachia alama zake pia. Bosi wangu wa sasa alitoka kwenye ukaguzi wa hesabu. Hati ya malipo ikimfikia, hupitisha kalamu chini ya kila tarakimu, akageuza risiti kutazama nyuma, ndipo asaini. Aliyemtangulia alitoka kwenye mauzo, naye alikuwa akisaini huku amesimama, simu iko sikioni. Wote wawili ni watu watulivu, wanyofu. Wenzangu wanamwona huyu wa sasa hamwamini mtu. Mimi naona mkaguzi aliyefundwa kwamba kosa likishapita mikononi mwake ni lake.

Uzoefu lakini haupimwi kwa miaka. Aliyekaa muda mrefu kwenye kiti kimoja, asiwahi kushika mradi uliokwama wala kusuluhisha watu wasiosalimiana, bado hajajaribiwa. Wewe umejaribiwa. Mkuu wenu alipoondoka ghafla, ni wewe uliyeshika kazi zake, na mishahara ikatoka kwa wakati. Mwanasaikolojia Fred Fiedler, aliyewachunguza viongozi kwa miaka mingi, wakiwemo wa jeshi, aliona kwamba kiongozi akiwa na msongo, hasa unaotoka kwa bosi wake, uzoefu humsaidia kuliko wepesi wa akili. Wale wanaokubeza sidhani kama wamewahi kubeba mzigo ule.

Jambo moja linanitia hofu kwa ajili yako. Nimeona wengi wakipata cheo huanza kufoka kama alivyofoka bosi wao wa kwanza, hata kama yeye ndiye aliyewaliza. Ukali ule hautakukaa, na watu wako watagundua mara moja kwamba si wako. Neno gumu ukiwa nalo, mwite mhusika pembeni, umwambie siku hiyohiyo kwa sauti yako ileile ya chini. Hapo ndipo wapole wengi hushindwa: wananyamaza mpaka kosa linakuwa mazoea.

Kikao cha kwanza kikiisha niandikie, unieleze nani aliongea na nani alikaa kimya.

Wako akupendaye daima.