Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2021

Assalaamu alaykum ndugu wanachama, matabibu wenzangu wa meno hapa Pemba,

Naanza na fedha, maana najua wapo wanaosubiri hapo tu. Ada ziliingia kwa kusuasua, na kilichoingia kikamezwa na glavu na barakoa. Mweka hazina atawasomea hesabu. Mkutano na wenzetu wa Unguja tuliupangia tarehe mara mbili, ukaahirishwa mara mbili.

Ninalotaka kulisema kwa urefu ni wagonjwa wetu. Mwaka mzima katika vikao vyetu tumekuwa tukiambiana kwamba watu wameacha kuja kwa kuogopa Korona. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Leo naona tulijisamehe mapema mno.

Mwezi wa Oktoba, hapa Chake Chake ninapofanyia kazi, alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Micheweni. Shavu la kulia limevimba, kalifunga kwa kanga, na mdomo haufunguki hata vidole viwili vikapita. Nilipofanikiwa kuchungulia, nikaona ufizi umekuwa mweupe kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Ilikuwa karafuu. Kwa muda mrefu alikuwa akiiponda na kuisindilia kwenye shimo la gego, na ilipoacha kumtuliza akatafuta mafuta ya makonyo, yanayokamuliwa kwenye vikonyo vya karafuu, akawa anayatia kwa pamba. Sisi Wapemba hatuna uso wa kuicheka dawa hiyo. Ujenoli, ile kemikali ya karafuu inayotia ganzi, ndiyo hiyo hiyo tunayochanganya na unga wa oksidi ya zinki tunapoziba jino kwa muda. Lakini mafuta matupu juu ya nyama huunguza, na usaha ulio chini ya mzizi hayaufikii.

Nikamuuliza, "Bibi, mbona umekaa nalo siku zote hizi?"

"Mwanangu, si nyinyi mulotwambia tusije?"

Kumbe mwaka 2020 alifika mpaka mlangoni, akakuta karatasi: TUNAHUDUMIA DHARURA TU. Mjukuu wake akamsomea. Yeye jino lilikuwa linamuuma tu, hakuhisi kuwa kuumwa na jino ni dharura, akarudi zake kupanda daladala. "Nikangoja munite," akasema.

Karatasi ile niliiandika mimi. Na siku hiyo ya Oktoba ilikuwa bado ipo pale pale, imepauka kwa jua.

Kuibandika hakukuwa kosa. Wagonjwa wa kwanza wa Korona walipotangazwa nchini Machi 2020, tulijua kazi yetu ilivyo: mgonjwa hakai kitini na barakoa, uso wako hauko mbali na wake, na drili ya kasi hurusha ukungu wa maji na mate unaoelea hewani. Agosti mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri kazi za meno zisizo za haraka zingojee pale maambukizi yalipoenea kwenye jamii. Kosa letu ni kwamba tulitangaza kufunga, hatukutangaza kufungua. Na tuliwatangazia watu ambao tangu hapo huja kwetu jino likishawanyima usingizi. Kwao karatasi ile haikuwa habari ya miezi michache. Iliwathibitishia waliyokwisha kuyaamini, kwamba kwa daktari wa meno huendwa kung'oa, basi.

Hofu ipo, sikatai. Lakini nayo imeleta jambo nisilolitarajia. Mzee mmoja alikataa kufungua mdomo mpaka nipasue pakiti ya vifaa mbele ya macho yake. Nikaipasua. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza koleo limetoka wapi, na haki ya kuuliza walikuwa nayo.

Kuhusu Ramadhani, wapo wanaochelewa kwa kudhani sindano ya ganzi inafunguza. Fatwa si kazi yetu, waulizwe masheikh. Kazi yetu ni kuweka zamu baada ya tarawehe, kama baadhi yenu mlivyofanya.

Kwa hiyo naomba kila mmoja akague mlango wake. Kisha tuwaone masheha, viongozi wa shehia zetu, watangaze kwamba kuziba na kusafisha kumerudi, na waeleze dharura ni nini hasa: uvimbe wa shavu au shingo, homa, kushindwa kumeza au kufungua mdomo, damu isiyokatika. Kwa maneno hayo hayo, si kwa lugha yetu ya vyuoni.

Bibi tulimtoa usaha, akapewa dawa, gego likang'olewa baadaye. Disemba alirudi haumwi na kitu, kamshika mkono yule mjukuu, anataka nimtazame na yeye.

Fomu za uchaguzi wa katibu zirudishwe kabla ya mkutano. Na wenzetu wa Mkoani, njooni mchukue maboksi yenu mawili ya barakoa, yamenizibia mlango wa stoo.

Mwenyekiti